Programu imewaka muda gani? Niambie kwanza umepoteza nini

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye cheo cha simu, cheo kisicho na mshahara wala barua ya ajira. Simu ikiganda, ikijaa, ikigoma kupokea picha za harusi, inaletwa kwangu. Na swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Hebu niangalizie, hii programu imewaka muda gani?"

Anayeuliza mara nyingi hana haja na muda wenyewe. Anamtafuta mwizi. Chaji imekata kabla ya adhuhuri. Bando la wiki limeisha siku ya tatu. Mtoto hashiki daftari. Mume anatabasamu peke yake sebuleni saa tano usiku. Muda unaitwa kuja kutoa ushahidi. Ndiyo maana nimejizoesha kujibu swali kwa swali: umepoteza nini? Simu janja haina saa moja ya kupimia programu. Inazo kadhaa, kila moja imetengenezwa kwa shida yake, zimetawanywa kwenye kurasa tofauti za Mipangilio, na hazikubaliani. Wala hazitakiwi kukubaliana. Ukimwita shahidi ambaye hakuwepo kwenye tukio atakujibu vizuri tu, ila atakayefungwa si mwenye kosa.

Enzi za Nokia za vitufe mambo yalikuwa mepesi. Mafundi wa Kariakoo walikuwa na namba yao, *#92702689#. Ukiibonyeza kwenye Nokia nyingi, ilifunguka menyu ya siri yenye mwezi na mwaka simu ilipotengenezwa, na kwenye matoleo mengi ilikuwemo pia jumla ya muda wa maongezi tangu simu itoke kiwandani. Jumla hiyo haikufutika kwa kufuta orodha ya simu zilizopigwa. Ukienda Mtaa wa Aggrey kununua simu iliyotumika, muuzaji anakuapia kwamba ilikuwa ya mama mtu mzima, kazi yake kupokea tu. Wewe unabonyeza namba, mnasoma wote wawili mamia ya saa za maongezi, bei inaanza upya. Simu ilikuwa na kazi moja kubwa, kwa hiyo saa moja ilitosha.

Android nayo ina namba inayofanana na hiyo kwa sura: *#*#4636#*#*. Kwenye simu nyingi (si zote, kampuni nyingine zimeufunga mlango huo) hufungua ukurasa wa majaribio wenye takwimu za matumizi: jina la programu, mara ya mwisho ilipofunguliwa, na muda iliotumika. Ukurasa wenyewe ni mkavu, hauna picha wala rangi, na mafundi wanaupenda kwa sababu hiyohiyo. Daftari unalosoma pale liko ndani ya mfumo, na tangu Android 5 ya mwaka 2014 programu nyingine zimeweza kuruhusiwa kulisoma. Nyaraka za Google zinaeleza kwamba hesabu za siku mojamoja huhifadhiwa siku 7, za wiki kwa wiki 4, za mwezi kwa miezi 6, na za mwaka kwa miaka 2. Kwa hiyo anayekuja na kesi ya "tarehe fulani mwezi uliopita, saa kumi jioni" amechelewa. Mfumo umeshazikunja zile siku zikawa mwezi.

Saa maarufu kuliko zote ni ya skrini. Januari 2018 wanahisa wawili wakubwa wa Apple, kampuni ya JANA Partners na mfuko wa pensheni wa walimu wa California, waliiandikia Apple barua ya wazi wakitaka iwasaidie wazazi kudhibiti matumizi ya simu ya watoto. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Google ikaitangaza Digital Wellbeing. Septemba Apple ikaja na Screen Time ndani ya iOS 12, mfumo wa iPhone. Angalia zilikotoka. Hazikuzaliwa na tatizo la chaji wala la bando. Zilizaliwa na hofu ya uraibu, kwa hiyo zinapima kitu kimoja: programu iliyoko mbele huku kioo kikiwaka. Kama macho yako yapo au hayapo, hazijui.

Shangazi yangu wa Tanga ameonja uonevu wa kipimo hiki. Mwanawe alikuja likizo, akafungua ukurasa ule kwenye simu ya mama yake, akakuta YouTube zaidi ya saa 8 kwa siku, siku baada ya siku. Akanipigia kwa sauti ya mtu aliyegundua ugonjwa: "Kaka, mama amekuwa mraibu." Nikampigia shangazi, nikamwamkia, nikamuuliza anatazama nini kutwa nzima. "Mwanangu, nitazame saa ngapi na mimi nina maandazi ya watu?"

Shangazi hatazami. Anasikiliza mawaidha, na jioni taarabu. Ila YouTube ya bure ukizima kioo nayo inanyamaza, kwa hiyo simu inaegemezwa kwenye kopo la unga, kioo kinawaka tangu asubuhi, mwenyewe amegeuza mgongo anasukuma maandazi. Kwa Digital Wellbeing huyo ni mtazamaji sugu. Tulipomwekea programu ya redio, ambayo huendelea hata kioo kikizimwa, mawaidha yakabaki yaleyale, taarabu ileile, na muda wake wa skrini ukaanguka hadi karibu na sifuri. Mwanawe akashukuru Mungu kwamba mama amepona.

Saa hii ina ukaidi mwingine: siku yake inakatwa saa sita usiku. Sisi tunaoanza kuhesabu saa moja jua linapochomoza tumezoea kuishi na tofauti hiyo, lakini njoo Ramadhani uone. Mtu anamaliza tarawehe, anakaa barazani na simu mpaka daku. Usiku mmoja wa kuperuzi unagawanywa mara mbili, kipande kinaandikwa jana, kipande leo, na hakuna siku inayoonekana mbaya sana. Aliyewekewa kikomo cha saa moja kwa TikTok anafungiwa saa tano na nusu usiku, anasubiri nusu saa, kikomo kinaanza upya. Vijana wa mtaani kwetu wanalijua hili kuliko wazazi waliowawekea.

Ukitaka kujua nani amekula chaji, ukurasa wa betri ndio mahali pake. Kwenye Android za sasa, ukigusa jina la programu unapata vipimo viwili: muda wa kioo na muda wa chinichini, yaani programu ikifanya kazi bila kuwa mbele ya kioo. Tofauti ya hivyo viwili imeshawahi kuinusuru ndoa mbele ya macho yangu, angalau kwa jioni ile.

Jirani mmoja na mkewe walikuja wakiwa wameshanuniana. (Simu ya mtu siifungui bila mwenyewe kuwepo, nalisema mapema ili nisiletewe kesi za mafichoni.) Mke alikuwa amefungua matumizi ya betri kwenye simu ya mume, akagusa nguzo ya usiku wa manane kwenye grafu, na humo akaikuta WhatsApp. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, nguzo ileile, kuanzia saa nane usiku. "Shemeji, niambie wewe. Saa nane usiku mtu mzima anachati na nani?" Mume akasema alikuwa amelala. Kila mume husema alikuwa amelala.

Nikagusa jina la WhatsApp. Kioo: hakuna kitu. Chinichini: dakika kadhaa. Hapo nikatulia, maana saa nane usiku ndiyo saa ambayo WhatsApp kwenye Android hutengeneza nakala ya mazungumzo na kuihifadhi kwenye simu, kila siku, mwenye simu akiwa anakoroma. Kama ameruhusu nakala iende pia kwenye akaunti yake ya Google na Wi-Fi ipo, picha na video za makundi yote ya ukoo na ya kazini huanza kupanda huko baada ya hapo. Tukaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya nakala za gumzo, tarehe na saa ya nakala ya mwisho ikasomeka kwa sauti: saa nane usiku. Mke akaisoma mara mbili.

Niliwaambia wazi kwamba ukurasa wa betri umethibitisha jambo moja tu, kwamba saa hiyo WhatsApp haikuwa mbele ya kioo kinachowaka. Hautoi cheti cha tabia njema. Na sikuona sababu ya kuanza kueleza habari za WhatsApp inayofunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo haiandiki hata dakika moja ya kioo kwenye simu.

Watu wengi hudhani WhatsApp lazima iwe inakimbia kutwa ndipo ujumbe uingie. Sivyo. Kwenye simu za Android zenye huduma za Google, njia moja ya mawasiliano huachwa wazi na Google Play services, programu ya Google iliyomo ndani ya simu, kwa niaba ya programu nyingi. Ujumbe ukifika, programu husika inaamshwa, inauchukua, inakupigia mlio, inalala tena. Ndiyo sababu Google Play services inaonekana kwenye kila orodha ya chinichini na kulaumiwa kwa kila ugonjwa wa simu. iPhone ni kali zaidi: programu ukiiacha inasimamishwa ndani ya muda mfupi sana, na zinazoruhusiwa kuendelea ni zile zenye sababu iliyotajwa, kama sauti, ramani au simu za intaneti.

Binamu yangu anaendesha bajaji inayoitwa kwa programu, na kwake swali linageuka. Hataki programu ikae muda mfupi, anataka ikae. Yuko kijiweni Mwenge tangu asubuhi, wenzake wanapata abiria, simu yake imenyamaza. Je, programu bado iko hewani, au simu imeshaiua bila kumwambia? Muda wa skrini haumsaidii, kwa kuwa kioo amekizima kulinda chaji. Ukurasa wa betri haumsaidii pia, maana unajumlisha tu. Hausemi kama saa hizo ziliungana au zilikatika katikati.

Saa yake iko mahali ambapo watu wachache hutazama. Kuanzia Android 13, ya mwaka 2022, ukivuta pazia la arifa mpaka mwisho, chini kabisa kuna alama ndogo inayosema ni programu ngapi zinaendelea na kazi. Gusa hapo. Utaona jina, imeendelea kwa muda gani, na kitufe cha kuisimamisha. Kampuni nyingine za simu huhamisha alama hiyo au huibadilisha sura, lakini kwa kawaida ipo humohumo kwenye pazia. Zinazoorodheshwa ni zile zilizoutangazia mfumo kwamba zina kazi isiyokatika hata usipozitazama: muziki, ramani, kurekodi mbio, kusubiri abiria. Kama programu ya abiria haimo humo, binamu yangu amekaa kijiweni bure. Kama imo lakini inasema dakika 12, wakati yeye aliiwasha saa moja asubuhi, basi ilikufa ikafufuka, na abiria wa katikati hapo walichukuliwa na mwingine. Siku hizi anaitazama kabla ya kuanza kulaumu hali ya biashara.

Mfumo huohuo una kengele. Programu ikiendesha kazi ya aina hiyo kwa angalau saa 20 ndani ya saa 24, Android 13 hukuletea arifa kwamba imekaa muda mrefu, ukaikague. Nzuri. Ila soma masharti madogo: zinazocheza sauti na zinazofuatilia mahali ulipo zimesamehewa kengele hiyo. Sababu ninaielewa, binamu yangu angesumbuliwa kila uchao. Lakini inayofuatilia mahali nilipo ndiyo hasa ningetaka kuambiwa! Toleo la 15, la mwaka 2024, limebana upande mwingine: programu zilizotengenezwa kwa ajili yake haziruhusiwi kuendesha kazi ya kusawazisha data kwa zaidi ya saa 6 katika saa 24.

Kama hofu yako ni kuchunguzwa, achana na muda kabisa. Android 12, ya mwaka 2021, ilileta dashibodi ya faragha: ukurasa unaoonyesha, kwa saa 24 zilizopita, ni programu gani iligusa kamera, maikrofoni au mahali ulipo, na saa ngapi. Sekunde tano za maikrofoni usizozijua zina uzito kuliko saa kumi za chinichini.

Ipo na saa ya wadadisi. Nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, na simu itakupongeza kwamba sasa wewe ni msanidi programu, yaani mtengenezaji wa programu. (Shangazi ni msanidi programu wa muda mrefu tu, hajui.) Ndani ya chaguo za wasanidi kuna orodha ya huduma zinazoendelea: kila programu, kumbukumbu inayoikalia, na muda unaohesabiwa tangu huduma ile ilipoanza. Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, kwa kuwa namba zake ni kubwa. Saa 60. Saa 110. Mtu anaziona anahisi amevamiwa.

Namba hizo ni umri. Hazisemi kazi iliyofanyika. Huduma inaweza kuwa na umri wa siku nne, na katika siku hizo zote ikawa imetumia kichakata, ubongo wa simu, kwa sekunde chache. Tangu Android 11 mfumo umeweza hata kuzigandisha programu zilizobaki kwenye kumbukumbu: zipo, umri unasonga, lakini hazipewi nafasi kwenye kichakata mpaka uziite tena. Hata simu yenyewe ina saa mbili. Katika ukurasa wa Kuhusu simu utakuta muda tangu ilipowashwa, na huo huhesabu hata ilipokuwa imelala mfukoni; ila wahandisi wana saa nyingine ndani kwa ndani, ambayo husimama kila simu inapozama usingizini. Programu ikihesabu kwa hiyo ya pili, na wewe ukalinganisha na saa ya ukutani, mtabishana mpaka kesho.

Baada ya kuona umri wa saa 110, wengi dawa yao ni moja: kuua. Wanafungua orodha ya programu za karibuni, wanazifagia zote, kila baada ya nusu saa. Mwaka 2016 mteja mmoja alimwandikia Tim Cook wa Apple akiuliza kama naye hufunga programu zake hivyo, na kama ni lazima kwa ajili ya betri. Aliyejibu ni Craig Federighi, mkuu wa programu za Apple: hapana na hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android wakati huo, akasema kwao ni vilevile, na kwamba huenda hata ukaongeza matumizi ya betri kidogo. Programu iliyofagiwa inabidi ipakiwe upya kila ukiirudia, na kupakia upya kuna gharama yake.

Kufagia, hata hivyo, ni upuuzi usio na madhara makubwa. Chenye meno ni kile kitufe cha kulazimisha programu isimame. Ukikibonyeza, Android hufuta pia kengele ambazo programu hiyo ilijipangia, na haiiachi iamke yenyewe mpaka wewe uifungue kwa mkono wako. Sasa fikiria hiyo ni programu ya adhana.

Ramadhani moja mzee wa msikitini kwetu alinishika mkono baada ya swala. "Hii simu ina shetani wa usingizi," akaniambia. Adhuhuri inaadhini, alasiri inaadhini, magharibi inaadhini sawasawa na mnara. Alfajiri kimya. Anaamka kwa kuguswa na mkewe, anaishika simu atazame saa, na hapo ndipo adhana inapolia, watu wameshasimama safu. Alikuwa amekwisha kubadilisha programu za adhana kadhaa. Kila mpya anaisifu mchana, anaitukana asubuhi. Alitaka nimwonyeshe muda, programu inazimika saa ngapi usiku.

Umri kwenye orodha ya wasanidi ungempa jibu, lakini jibu la kupotosha, kwa kuwa programu nzuri ya adhana haina sababu ya kukaa macho usiku kucha. Inatakiwa ijipangie kengele, ilale, iamshwe kwa dakika ile. Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Tangu Android 6, ya mwaka 2015, simu ikitulia mahali pamoja, kioo kimezimwa, haiko kwenye chaji, huzama kwenye usingizi mzito, na kazi za programu husogezwa mbele mpaka itakapozinduka kidogo. Kadiri inavyoendelea kutulia, mizinduko hiyo huachana zaidi. Mchana mzee anaishikashika simu, haipati nafasi ya kuzama. Usiku iko juu ya kabati, imetulia tangu saa nne. Alfajiri ndiyo swala pekee inayoikuta simu katika usingizi wake mzito kuliko wote, na kuiinua kutoka kabatini ndiko kulikokuwa kunaiamsha.

Kengele inayopenya usingizi huo inahitaji ruhusa. Android 12 iliitenga ruhusa ya kengele na vikumbusho vya dakika kamili, na kuanzia Android 14, ya mwaka 2023, programu nyingi mpya unazoziweka huanza bila ruhusa hiyo mpaka uiwashe. Kwa hiyo mzee, kila alipobadilisha programu, alikuwa anarudi mwanzo. Tuliiwasha, tukaitoa programu kwenye udhibiti wa betri, nikamwomba asiiguse tena ile programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kampuni nyingi za simu huongeza ukali wao juu ya ule wa Google, kiasi kwamba watengenezaji wa programu wameanzisha tovuti, dontkillmyapp.com, yenye maelekezo ya namna ya kuzituliza kwa kila aina ya simu. Ukiwa na programu ya adhana, ya dawa au ya abiria, tafuta aina yako humo kabla ya kubadilisha programu.

Kuhusu bando nitapita haraka, maana hapo muda hauna kazi. Nenda kwenye matumizi ya data. Dakika chache za video fupi zinazojicheza zenyewe zinaweza kumeza MB nyingi kuliko kutwa nzima ya kusoma meseji, na sasisho la usiku linaweza kumaliza bando bila kuandika dakika hata moja ya kioo. Anayetafuta MB kwenye ukurasa wa saa ataishia kumfokea mtoto.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni nani mwingine anazisoma saa hizi. Lile daftari la matumizi linaweza kufunguliwa na programu yoyote uliyoipa ruhusa ya kulifikia. Ruhusa yenyewe haiji kwa kidirisha kile cha kubonyeza "ruhusu". Programu inakupeleka kwenye Mipangilio ukaiwashe mwenyewe, na watu huiwasha kwa sababu wameambiwa bila hivyo haitafanya kazi. Aliye nayo anajua unafungua programu gani, saa ngapi, na unakaa humo muda gani: ya benki, ya mikopo, ya kutafuta mchumba. Digital Wellbeing inaihitaji, programu ya mzazi ya kumdhibiti mtoto inaihitaji. Orodha iko kwenye Mipangilio, sehemu ya programu, chini ya ufikiaji maalumu, na ni fupi, haikuchukui dakika tano. Kwenye simu ya shangazi nilikuta humo programu ya tochi. Nikamuuliza aliiweka lini. "Wakati ule umeme unakatika kila siku." Nikamvutia pazia la arifa nikamwonyesha tochi iliyokuja na simu, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, na ile nyingine tukaifuta palepale.